Mpiga Gitaa Aliyesikilizwa na Wapiga Gitaa

Katika semina moja niliwataka wanafunzi wangu wa historia wanitajie mwanamuziki mkubwa kuliko wote katika nchi hii, nao wakanijibu kwa idadi ya watazamaji mtandaoni. Sikuwalaumu, kwani umati nao ni shahidi. Lakini mwanahistoria anayemsikiliza shahidi mmoja tu hajafanya kazi yake, na katika sanaa yupo shahidi mwingine ambaye mara chache huitwa kizimbani: msanii mwenzake.

Shahidi wangu wa kwanza wa aina hiyo nilimpata nyumbani. Nimekulia Ilemba, katika bonde la Ziwa Rukwa, ambako mtu akisema anakwenda "juu" huwa anakusudia kupanda kingo za Lyamba lya Mfipa hadi Sumbawanga. Baba yangu mdogo alikuwa na gitaa alilojichongea mwenyewe, nyuzi zake zikiwa waya za breki za baiskeli. Betri za redio zilishinda zimeanikwa juani, na jioni Redio Tanzania Dar es Salaam ilipopiga nyimbo za zamani, watu wazima walicheza. Yeye hakucheza. Aliinamisha kichwa, na wimbo ulipofika kwenye solo alitunyamazisha sote kwa mkono. Kisha alikaa usiku kucha akiitafuta solo ile katika waya zake. Mara nyingi ilikuwa ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944 na kukomaa Morogoro, mji ambao Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba walikwisha kuufanya makao ya muziki. Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akashika uongozi wa bendi hiyo. Upande wa pili ilisimama Morogoro Jazz, na ndani yake Mbaraka. Bendi mbili kubwa katika mji mdogo maana yake ni kwamba kila mpigaji alijua jirani yake anapiga nini, na asingeweza kumdanganya. Huo, kwa maoni yangu, ulikuwa mtihani mgumu kuliko wowote tunaoutunga vyuoni. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, katika maonesho ya dunia. Mwaka 1973 Mbaraka alijitenga na kuunda Super Volcano. Tarehe 12 Januari 1979 alifariki baada ya ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34.

Msikilizaji wa kawaida hukumbuka maneno ya wimbo wake "Shida". Mpiga gitaa hukumbuka kinachotokea maneno yanapokoma. Mbaraka alitunga, aliimba na kupiga solo mwenyewe, hivyo gitaa lake halikuwa pambo la sauti ya mtu mwingine. Lilipokea mazungumzo pale koo lilipopumzika. Baba mdogo hakuwa na nadharia ya jambo hili. Alisema tu kwamba wengine wanapiga gitaa, huyu anajibu.

Ushahidi wa heshima ya msanii kwa msanii haumo katika hotuba za mazishi. Umo katika kile anachokichukua kwa mwenzake. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert, aliyekuwa bingwa katika uwanja wake, aliona maisha ya mwimbaji huyo yanastahili kitabu kizima cha wasifu. Lakini kwangu shahidi mzito zaidi ni Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti, akaendelea kuimba "Muhogo wa Jang'ombe" miongo mingi baada ya Siti kufariki mwaka 1950. Bi Kidude mwenyewe alipopewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, ulimwengu ulikuwa unalipongeza, bila kujua, sikio lililofunzwa na mwanamke mwingine.

Heshima hiyo haikulisha mtu. Wanamuziki wengi wa enzi ya Mbaraka walirekodi katika studio za redio ya taifa, nyimbo zao zikapigwa kwa miongo, na sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja mwaka 1999, wakati wengi wao walikwisha kuzikwa. Hapo ndipo ninapowakumbusha wanafunzi kwamba kusifiwa na kulipwa ni sura mbili tofauti za historia, na kila moja ina nyaraka zake.

Likizo iliyopita nilimpelekea baba mdogo simu yenye nyimbo za Mbaraka, zikisikika safi kuliko redio yetu ilivyopata kuzitoa. Vidole vyake havikunjiki tena vizuri. Alisikiliza solo moja mara tatu, akaniomba niirudishe kidogo, kisha akasema, "Hapo. Miaka yote nilikuwa nakosea kidole."