Diwali, Daftari na Msimu wa Kahawa

Diwali huangukia usiku usio na mwezi, kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Kwa mfanyabiashara wa Kigujarati haikuwa sikukuu ya taa na peremende tu. Usiku huo madaftari mapya huwekwa mbele ya Lakshmi, mungu wa mali, yakaombewa, hesabu za mwaka zikafungwa, na kesho yake mwaka mpya ukaanza. Wengine hawafungui biashara rasmi mpaka siku ya tano, Labh Pancham. Kufunga hesabu ni kudai madeni, kwa hiyo mdeni naye alihusika, hata kama hakupata kulisikia jina la Lakshmi.

Pwani ya Afrika Mashariki, tarehe hiyo iliendana na upepo. Mabaniani wa Kutch, kama wale wa nyumba ya Jairam Shivji iliyokodi forodha ya Zanzibar, walifunga hesabu wakati mvua kubwa za India zimekwisha na bahari imetulia. Kaskazi ilipoanza kuvuma, majahazi yalitweka tanga kuja huku.

Bara hakuna kaskazi. Reli ya Uganda ilifika Kisumu 1901, na meli za Ziwa Victoria zikaiunganisha Bukoba, boma lililoanzishwa na Emin Pasha 1890, na Mombasa. Reli ya Tanganyika ilifika Mwanza 1928 tu. Njia ya Kisumu ndiyo iliyoleta vitambaa vya amerikani, chumvi na maduka ya Wahindi. Si wote waliokuwa Wahindu: Allidina Visram, aliyesambaza maduka kandokando ya ziwa, alikuwa Mwismailia. Ila Kigujarati cha daftari kilikuwa chao wote, na mikopo yao ilifungamana.

Huko Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba, kahawa ilitangulia duka. Wahaya walikuwa wakiitafuna, na kwa punje zake watu wawili wakifungana udugu wa damu. Ilipogeuka zao la fedha, kalenda mbili zikakutana. Robusta huanza kuvunwa karibu na Mei. Diwali ikifika, mavuno yamekwisha au yanaelekea ukingoni. Mwenye duka anadaiwa Kisumu au Mombasa, naye anamdai mkulima ambaye fedha ya msimu imeshamtoka mkononi. Hapo butura ilipata mlango: kuuza kwa bei ya kutupa kahawa ambayo ingali maua mtini. Wahindi wasibebeshwe lawama peke yao. Wahaya wenye fedha waliifanya pia, tena bila daftari lolote la kuombewa.

Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilitunga sheria za leseni na kodi ya faida, ikataka hesabu ziandikwe kwa lugha ambazo Kigujarati hakikuwamo. Wahindi wa Tanganyika wakafunga maduka kwa wiki kadhaa. Husimuliwa kama ugomvi wa kodi, na kodi ilikuwamo kweli. Lakini kwa Mhindu, daftari ni kitu cha ibada. Kumwambia abadili lugha yake si sawa na kumpandishia ushuru.

Nguvu ya duka ilianza kupungua ushirika wa wakulima wa Bukoba ulipoandikishwa 1950 na kushika ununuzi wa kahawa. Likaja Azimio la Arusha 1967, kisha utaifishaji wa majengo 1971. Mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda, na ng'ambo ya mpaka mtandao wa zamani wa mikopo ukakatika.

Leo Diwali si siku ya mapumziko ya kitaifa Tanzania, na kahawa ya Maruku hupitia vyama vya msingi. Butura ingalipo. Mkulima anayesubiri malipo ya chama huku mahitaji yakimkaba atamwendea yeyote mwenye noti mkononi. Viongozi wa ushirika, walipeni wakulima kabla Oktoba haijaisha.