Jino Juu ya Bati

Mama yangu alirusha meno yake ya utoto juu ya tembe. Paa la tembe ni bapa, la udongo. Jino likitua halirudi. Nyumba yetu, iliyojengwa baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ilikuwa ya bati. Bibi alifunga uzi kwenye jino langu lililokuwa likicheza, akaniuliza habari za mbuzi, akavuta. Nikalirusha nikiomba lingine zuri. Likateleza, likaniangukia miguuni.

Lililoota lilikuwa na weupe wa chaki, kisha likageuka kahawia. Bibi akasema nilirusha vibaya.

Visima vingi vya Singida vina floraidi nyingi. Mwaka 1974 Tanzania ilikubali maji ya vijijini yawe na hadi miligramu 8 kwa lita, maana vyanzo vingine vilikuwa haba. Miaka kumi baadaye Shirika la Afya Duniani likashauri isizidi 1.5. Na ganda la jino la mbele la ukubwani huanza kujengwa ndani ya taya mtoto akiwa na miezi michache tu. Nilipokuwa naomba pale uani, jino langu lilikuwa limeshaumbika zamani, kwa maji ya kisima chetu.

Katika picha zangu zote za shule nimefumba mdomo.