Siku za Kuomba: Kutoka Vienne Hadi Ziwa Kivu



Mnamo mwaka 470 hivi, mji wa Vienne, katika nchi iitwayo leo Ufaransa, ulipatwa na matetemeko ya ardhi na mioto, hata baadhi ya wakazi wakaukimbia. Askofu wao, Mtakatifu Mamerto, aliwaita waamini wafunge, watubu na kuandamana kwa sala siku tatu kabla ya Sikukuu ya Kupaa Bwana. Mwaka 511 Mtaguso wa Orléans uliagiza ibada hiyo ishikwe na makanisa yote, na watumwa wapumzishwe kazi ili watu wote wakusanyike. Baadaye Roma pia iliipokea. Kwa karne nyingi Wakristo walizunguka mashamba wakiimba Litania ya Watakatifu, na padri akiyabariki.

Tuangalie mpango wa siku hizo: toba ilitangulia, baraka ikafuata. Wazee wetu katika imani walifahamu kwamba haifai kumwomba Mungu ailinde ardhi huku moyo ukibaki vilevile.

Je, sisi wa Bukavu tunaufuata mpango huo? Tunapobatiza, tunayabariki maji kwa heshima. Sherehe ikiisha, chupa za plastiki tulizonywea hubaki uwanjani. Mvua huzisomba hadi Ziwa Kivu. Kutoka huko huingia mto Ruzizi, zikaziba mitambo ya umeme. Umeme ukikatika tunanung'unika, kana kwamba chupa zile hazikupita mikononi mwetu. Maji tunayoyaheshimu kisimani pa Ubatizo ni kiumbe kilekile tunachokichafua nje ya mlango wa kanisa.

Katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba katika Sakramenti Mungu huvitwaa vitu vya asili, maji, mafuta, mkate na divai, ili atupatie uzima wake. Basi anayevidharau vitu hivyo anadharau alichokichagua Mungu.

Tangu marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969, Kanisa limewaachia maaskofu wa kila nchi kupanga Siku za Kuomba. Nasi tuwaendee mapadri wetu, tuwaombe ruhusa ya kuandamana kabla ya Kupaa Bwana: Kitubio kwanza, kisha Litania midomoni, na mifuko mitupu mikononi, tukishuka kwenye mifereji inayoelekea ziwani. Ikirudi imejaa, ndipo tuombe baraka.