Mitambo ya Redio Ilipofika Babati

Kwa zaidi ya miaka 40 Babati ilikuwa mji wa kusikiliza redio, si wa kuirusha. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika mwaka 1956, kisha Radio Tanzania mwaka 1965, na muda wote huo mitambo mikubwa ilikaa mbali na bonde hili la Babati. Mawimbi ya kati hufuata uso wa ardhi, na usiku, kama yale mafupi, hurudishwa chini na tabaka za juu za anga, hivyo mtambo mmoja wenye nguvu ungeweza kufika hata nyuma ya Mlima Kwaraa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza nchini kote, na hakuna kijiji kilichohitaji mnara wake. Mfumo huo ulikuwa na faida isiyotajwa sana: umeme wa kuua ulikusanywa mahali pachache, penye mafundi wengi na taratibu zao. Hoja yangu ni kwamba redio ilipoenea, mitambo ilisafiri hadi miji midogo kwa kasi kubwa kuliko taratibu hizo.

Tuanze na hatari yenyewe. Mtambo wa valvu wa kilowati 10 hufanya kazi kwa maelfu ya volti, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya swichi kuu kuzimwa. Ndiyo maana milango ya mitambo hiyo iliwekewa swichi za kukata umeme inapofunguliwa. Lakini swichi huharibika, na fundi anayekimbizana na taarifa ya habari anaweza kuifunga kwa waya ili mtambo uwake mlango ukiwa wazi. Kwa hiyo vituo vikubwa duniani viliongeza ulinzi wa kibinadamu. Anayeingia hufunga swichi kuu kwa kufuli na kubeba ufunguo wake mfukoni. Fimbo ya ethi, iliyounganishwa na ardhi, hugusishwa kwenye kila sehemu ya volti kubwa kabla ya mkono, kisha huachwa imening'inia hapo hadi kazi iishe. Wala fundi haingii peke yake. Mwenzake husimama karibu na swichi, akijua namna ya kukata umeme na kumzindua aliyeanguka. Hata kutafuta hitilafu kulianzia nje, kwenye mita na daftari la mtambo: fundi aliyezoea kulinganisha mkondo wa leo na wa jana, au nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, mara nyingi alijua ugonjwa kabla ya kufungua mlango. Daftari hilo naliona kuwa kifaa cha usalama sawa na fimbo ya ethi, kwa sababu kila mlango usiofunguliwa bure ni hatari iliyoepukwa.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu redio binafsi, na FM ikabadilisha ramani. Mawimbi yake husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Antena iliyo mita 100 juu ya ardhi tambarare huona upeo wa kilomita 40 hivi. Kutoka Arusha hadi hapa kwa barabara ni kilomita zipatazo 170, na milima iko katikati. Babati ilipofanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002, redio ya FM ya kuwahudumia watu wake ilihitaji mnara karibu nao, na pamoja na mnara, mtambo na hatari yake.

Wapo watakaosema hofu ya hatari hiyo imepitwa na wakati, kwani mitambo ya FM ya leo ina transista zinazotumia volti 50 hivi. Ni kweli kwa sehemu. Lakini hizo volti 50 hutoka kwenye pawasaplai ambayo ndani yake kapasita huweza kushika volti 400 hivi, na njia ya antena huunguza nyama kwa kina hata pasipo mshtuko. Zaidi ya hapo kuna jenereta inayojiwasha: fundi amezima umeme wa gridi, mashine inadhani umeme umekatika, na sekunde chache baadaye waya aliodhani umekufa umefufuka. Mtambo umepungua nguvu. Mwili wa fundi ni uleule.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Kituo kidogo hakimudu mafundi wawili, na kila dakika ya ukimya inamuudhi mtangaza biashara. Nakubali ugumu huo, ila sharti la kuwa wawili halikudai kamwe wahandisi wawili. Mlinzi au mtangazaji aliyeonyeshwa swichi kuu, swichi ya jenereta na namna ya kubonyeza kifua anatosha, mradi jina lake liandikwe daftarini kabla kufuli halijafungwa kwenye swichi. Kuzima njia zote mbili za umeme, kusubiri, kupima, kisha kugusisha fimbo ni kazi ya dakika chache, nazo zingeweza kupangwa usiku wa manane, wakati ambao hakuna tangazo la biashara linalosubiri.