Mount Kenya Safari Club: Nyumba ya Mwigizaji na Safari ya Bongo

Mount Kenya Safari Club ilianzishwa Nanyuki mwaka 1959 na watu watatu: mwigizaji wa Marekani William Holden, mfanyabiashara wa mafuta Ray Ryan, na mwanabenki wa Uswisi Carl Hirschmann. Walinunua hoteli iliyoitwa Mawingo, jumba lililojengwa miaka ya 1930 chini ya Mlima Kenya, hapo hapo unapopita mstari wa ikweta. Miongoni mwa wanachama wa mwanzo wa klabu hiyo walitajwa Winston Churchill na mwimbaji Bing Crosby.

Holden alizaliwa Illinois mwaka 1918. Alipata Oscar kwa filamu ya Stalag 17, na usiku wa kuipokea muda wa matangazo ulikuwa umekwisha, hata akaambulia kusema asante tu na kushuka jukwaani. Filamu yake iliyovuma zaidi, The Bridge on the River Kwai ya mwaka 1957, ilipigwa Ceylon. Daraja lilikuwa la mbao kwelikweli na treni ilikuwa treni kweli. Siku ya kwanza ya kulilipua, mpigapicha mmoja hakutoa ishara kwamba yuko salama. Mlipuko ukasitishwa, treni ikavuka daraja zima na kwenda kugonga jenereta ng'ambo ya pili. Iliinuliwa, ikarudishwa, na kesho yake daraja likalipuliwa. Mkataba wa Holden ulimpa asilimia 10 ya mapato ya filamu hiyo, akilipwa kidogo kidogo kila mwaka.

Klabu yenyewe iligeuka uwanja wa kupigia filamu. The Lion ya mwaka 1962, iliyoongozwa na Jack Cardiff, iliwakutanisha Holden, Trevor Howard na Capucine. Simba wa filamu hiyo, Zamba, aliletwa kutoka California na mfunzaji wake Ralph Helfer. Kuleta simba Kenya kunaweza kushangaza, lakini hadithi ilimhusu msichana mdogo anayecheza na simba, na simba wa porini hawezi kuaminiwa karibu na mtoto. Zamba alikuwa amelelewa na watu tangu utotoni.

Mwaka 1967 Holden na Don Hunt, Mmarekani aliyejulikana kwa vipindi vya wanyama vya televisheni, walianzisha Mount Kenya Game Ranch kando ya klabu. Hapa ndipo kazi yenye thamani kubwa kuliko filamu zote ilipoanzia. Mnyama aliyeipa ranchi hiyo umaarufu ni bongo wa milimani: swala mkubwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, mwenye mistari myeupe iliyoteremka mbavuni, na pembe kwa dume na jike. Hujificha kwenye mianzi, na mtu anaweza kuishi maisha yake yote ukingoni mwa msitu asimwone. Miaka ya 1960 na 1970 bongo kadhaa walikamatwa Aberdare na kupelekwa katika bustani za wanyama za Marekani, ambako walizaana. Huku nyumbani ujangili, mbwa wa kuwindia na ukataji miti viliwapunguza mno.

Holden alifariki Novemba 1981. Mwaka uliofuata mwigizaji Stefanie Powers aliongoza kuanzishwa kwa William Holden Wildlife Foundation, na kikajengwa kituo karibu na Nanyuki ambako wanafunzi hufundishwa kuhusu wanyama, misitu na nishati mbadala ya kuni.

Mwaka 2004 bongo 18 walisafirishwa kutoka Marekani hadi Mount Kenya Game Ranch ili kuongeza damu mpya. Mwaka 2022 wa kwanza waliachiwa katika hifadhi ya Mawingu, mlimani, na Februari 2025 wengine 17 wakawasili kutoka Florida.

Bongo wa porini waliobaki hawafiki 100, na wote wako Kenya: Mlima Kenya, Aberdare, Eburu na Mau. Kwa hiyo msitu wa Mau, unaoleta mvua ya Kericho na Bomet, ni mmoja wa makao yao manne ya mwisho. Ukanda wa chai wa Nyayo Tea Zones, ulioanzishwa mwaka 1986, ulipandwa ukingoni mwa misitu kama huo ili mashamba yasiendelee kuimega. Mchumaji anapojaza kikapu chake upande huu wa ukanda, ng'ambo yake ndiko unakoanzia msitu wa bongo.