Programu-jalizi na Picha Iliyobanwa

Mteja anamtumia mchoraji stika ya WhatsApp: "Kaka, naomba uniwekee hii kwenye fulana." Mchoraji anatumia programu ya kuchora ya Inkscape kwenye kompyuta ya Linux. Anaihifadhi stika, jina la faili linaishia na .webp, anaiburuta hadi kwenye ukurasa wa kazi, na Inkscape inaikataa. Stika ni nzima, Inkscape nayo ni nzima. Kinachokosekana ni kijiprogramu cha kuisoma fomati hiyo, na kijiprogramu cha namna hiyo ndicho tunachokiita programu-jalizi.

Neno hili limetokana na kitenzi jaa. Kujaliza ni kuongeza kilichopungua mpaka kitu kitimie, na waliosoma isimu wanamjua ndugu yake, kijalizo, katika uchanganuzi wa sentensi. Kiingereza, kwa neno plug-in, kilitazama tendo la kuchomeka, ndiyo maana mafundi wengine husema plagini. Kiswahili kimetazama pengo linalozibwa, na naona kimelenga vizuri zaidi. Programu-jalizi ukiifungua peke yake haifanyi lolote. Inafanya kazi ndani ya programu mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayepanga ipewe nini na irudishe nini.

Tuangalie pengo lenyewe. Picha ya pikseli 3000 kwa 2000, kila pikseli ikichukua baiti 3, ni baiti milioni 18. Kwenye diski huenda isifike hata MB 2, kwa sababu imebanwa: pikseli hazikuandikwa moja moja, yameandikwa maelezo mafupi ya kuzijenga upya. Kila fomati ina kanuni zake za kubana. JPEG hugawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8. WebP, iliyotangazwa na Google mwaka 2010, imerithi baadhi ya mbinu zake kutoka VP8, fomati ya video. Asiyejua kanuni hizo hawezi kuifumua picha, na isipofumuliwa haionekani.

Inkscape haikujifunza kanuni zote hizi yenyewe. Kazi ya kusoma picha za pikseli imeiachia maktaba iitwayo GdkPixbuf, nayo maktaba hupokea moduli za fomati mbalimbali. Kwa WebP, mchoraji wetu anasakinisha kifurushi cha webp-pixbuf-loader, anafunga Inkscape na kuifungua tena. Stika inaingia. Hakuna kilichobadilishwa ndani ya Inkscape. Jalizi imekaa kwenye maktaba, na programu nyingine zinazotegemea maktaba hiyohiyo zimenufaika pia.

Kuna njia ya pili, ya kumwandikia mwenyeji jalizi yake mwenyewe. Katika Inkscape jalizi ya kuingiza faili kwa kawaida huwa na sehemu mbili: faili ya .inx inayotaja jina la jalizi na aina ya faili inayoisoma, na hati ya Python inayopokea faili na kurudisha mchoro wa SVG. Hapa istilahi zetu hugongana. Wengi huziita jalizi hizi viendelezi, na kiendelezi ni jina pia la mkia wa faili, kama .jpg au .webp. Mwanafunzi akiambiwa "sakinisha kiendelezi ili ufungue kiendelezi cha .webp" ana haki ya kuchanganyikiwa. Najua vivinjari vya intaneti vimeshazoesha watu viendelezi, lakini katika maelekezo ya uchoraji napendekeza kiendelezi kibaki kuwa mkia wa faili, na kinachosakinishwa kiitwe programu-jalizi.

Baada ya kuingiza, Inkscape huuliza: picha ipachikwe au iunganishwe? Ikipachikwa, inaandikwa ndani ya SVG kwa Base64, ambapo kila baiti 3 huwa herufi 4. Picha ya MB 3 inakuwa takriban MB 4. Ikiunganishwa, SVG inabaki nyepesi, lakini ukiipeleka kiwandani bila picha yenyewe, mpiga chapa ataona alama ya X mahali pa picha. Kazi ya kutumwa kwa mtu, ipachike.

Na kuingiza hakuigeuzi picha kuwa vekta, yaani mchoro wa mistari badala ya pikseli. Stika ya WhatsApp ina pikseli 512 kwa 512. Ukiitandaza sentimita 30 kifuani mwa fulana, kila sentimita inapata pikseli 17 tu, na kingo zitaonekana zimekatika vidatovidato. Kupata mistari halisi ni lazima picha ifuatizwe, na kazi hiyo Inkscape huifanya kwa Potrace, programu ya Peter Selinger. Potrace hufuata mipaka ya nyeusi na nyeupe; picha ya rangi Inkscape huigawa kwanza katika tabaka. Ndiyo maana nembo ya rangi tatu bapa hutoka safi, na picha ya uso wa mtu hutoka na mabaka.