Debe, sufuria na boksi la redio: ukoo mrefu wa bati

Nimeadimika kidogo, na sababu ni boksi. Ndiyo, boksi! Programu imekwisha, saketi inafanya kazi, kilichobaki ni nyumba ya kuiweka. Kwa hiyo leo hakuna kodi. Leo ni historia, maana katika kulitafuta boksi hili nimekuta lina ukoo mrefu kuliko kompyuta zote nilizowahi kugusa.

Kwa wageni: mimi ni mwanaredio wa ridhaa, yaani mtu mwenye leseni ya kurusha mawimbi kwa kujifunza na kuzungumza na wenzake, bila biashara. Hapa Bahati nimejenga kidhibiti kidogo cha kuzungusha antena. Ndani mna Arduino, rilei nne na kioo kinachoonyesha mwelekeo. Wakati wa majaribio kilikaa ndani ya mkebe wa plastiki wa siagi. Nikirusha mawimbi, Arduino inajizima na kuanza upya, na antena iliyokuwa ikitazama Mombasa inaanza safari ya kwenda Kampala. Plastiki haizuii mawimbi hata kidogo. Dawa yake inajulikana tangu 1836, Michael Faraday alipoonyesha kwamba chumba kilichozungukwa na chuma hakipenywi na umeme wa nje. Kwa hiyo nahitaji bati. Na ukitaka bati lililokunjwa vizuri huku kwetu, huendi duka la kompyuta, unakwenda kwa fundi wa jua kali.

Sasa tuulize: huyu fundi alitoka wapi?

Anza na debe. Leo debe ni kipimo. Mkulima wa Bahati atakuuzia debe la viazi bila kufikiri. Lakini debe lenyewe lilikuwa chombo cha mafuta ya taa, galoni nne, takriban lita 18, lililoletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Mafuta yakiisha, bati linabaki, na bati la bure halitupwi. Likawa ndoo ya maji, likakatwa likawa koroboi, likanyooshwa likawa paa. Huo ndio shule ya kwanza ya ufundi wa bati kwa Afrika Mashariki nzima, na hakuna aliyetoza karo.

Shule ya pili ilikuja na reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, ukafika Nakuru 1900 na Kisumu 1901, kwa mikono ya wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao. Waliobaki, pamoja na Wahindi wengine waliowafuata, walifungua maduka na karakana katika miji iliyoota kando ya reli, Nakuru ukiwemo. Vijana Waafrika waliajiriwa humo kama vibarua, wakatazama, wakajifunza, kisha wakatoka na kujitegemea chini ya mti. Mtafiti Kenneth King alifuatilia jambo hili kwa makini katika kitabu chake cha 1977 kuhusu mafundi wa Kenya, akionyesha namna ujuzi wa kutengeneza taa za bati ulivyohama kutoka mkono hadi mkono. Mimi nasoma habari hizo kama mtu anayesoma historia ya programu huria: hakuna hataza, kila mmoja ananakili, kila mmoja anaongeza kitu.

Sasa njooni kwenye redio, maana hapa ndipo panaponifurahisha zaidi. Mwaka 1949, huko Lusaka, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), afisa wa habari wa serikali ya kikoloni aitwaye Harry Franklin alikuwa na shida. Kituo cha matangazo kwa lugha za Kiafrika anacho, lakini wasikilizaji hawana redio, kwa kuwa redio za wakati huo zilikuwa ghali na zimetengenezwa kwa ajili ya sebule za Ulaya. Alizunguka kwa watengenezaji Uingereza mpaka kampuni ya Ever Ready ikakubali kujaribu. Ikatoka redio ndogo ya valvu nne, ya betri, ya masafa mafupi. Na boksi je? Kutengeneza kalibu mpya ya boksi kungegharimu fedha nyingi. Basi wakachukua sufuria ya alumini ya inchi tisa, wakaiacha bila mpini, wakaipaka rangi ya buluu, wakaweka redio ndani! Iliuzwa pauni tano bila betri, na watu wakaiita redio ya sufuria. Kwangu mimi huo ni uhandisi wa hali ya juu: ukiona tatizo lako limeshatatuliwa na mpishi, usibuni upya.

Hapa Kenya neno "jua kali" lilikuja kusikika maofisini polepole sana. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyowafanya wachumi wa dunia wazungumzie sekta isiyo rasmi kwa heshima. Mwezi Novemba 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaahidi vibanda vya kuwakinga na jua. Hata hivyo, bado tunawahesabu kama watu wa majiko na masanduku ya shule. Tukiandika habari za teknolojia ya Kenya tunaanza na M-Pesa ya 2007, na fundi wa bati hatajwi. Hilo linanikera.

Mfano wa kidhibiti cha redio kilichojengwa kwa mkono tunao hapahapa nchini. Kuna mtandao wa vituo 18 duniani uitwao International Beacon Project, ulioanzishwa na Northern California DX Foundation ya Marekani pamoja na shirikisho la kimataifa la wanaredio wa ridhaa. Kenya ina nafasi ya 12, kwa jina la 5Z4B. (Enzi za ukoloni majina yetu yalianza na VQ4, 5Z4 ni ya baada ya uhuru.) Kila kituo hutaja jina lake kwa Morse, kisha hupiga mistari minne, nguvu ikishuka kutoka wati 100 hadi 10, hadi 1, hadi 0.1. Kinachukua sekunde kumi tu, kisha kinahamia masafa mengine. Vituo 18 mara sekunde 10 ni dakika tatu, halafu mzunguko unaanza upya. Redio zilizotumika kwa miaka mingi ni Kenwood TS-50 za kawaida, na saa inatoka kwenye satelaiti za GPS. Lakini kifaa cha kuunganisha hivyo viwili hakikuwepo dukani. Ilibidi wakijenge wenyewe.

Nami nikaenda kwa fundi wangu kando ya barabara ya Nyahururu. Fuawe lake ni kipande cha reli. Nikampa mchoro.

"Mzee, nataka pembe zikunjwe, zisiachwe wazi."

"Ni la kuweka nini, kijana wangu?"

"Redio. Mawimbi yasipite."

"Kama ndoo basi. Pasipopita maji, je, mawimbi?"

Jibu lake karibu litoshe. Kwa masafa ninayotumia, urefu wa wimbi ni mita kumi hadi ishirini na moja, kwa hiyo ufa mwembamba kwenye mshono si hatari kubwa. Hatari ni nyaya zinazoingia, maana zinabeba mawimbi mpaka ndani. Kila waya nimeuwekea kapasita mlangoni. Mfuniko nao lazima uguse bati tupu, kwa hiyo rangi nimeikwangua ukingoni kwa tupa. Waya wa ardhi si lazima ili boksi lizuie mawimbi. Jambo jingine: lehemu ya mafundi wa bati hutumia asidi, nayo hula shaba. Lioshe boksi, likauke kabisa, ndipo uingize saketi.

Antena sasa inatulia. Mwenye redio ya masafa mafupi yenye uwezo wa kupokea Morse aweke megahezi 14.100 na aangalie saa: zamu ya 5Z4B ni dakika 1 na sekunde 50 baada ya saa kamili, na kila dakika tatu baada ya hapo. Wiki ijayo nitaweka mchoro wa boksi na vipimo vyake.